Utulivu Una Alama Zake



Wapenzi wasomaji, mama zetu, dada zetu na wenye majumba yao. Baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo tumeulizwa mara nyingi katika miezi ya karibuni, na aghalabu kwa sauti ya chini. Muulizaji husema: "Sheikh, nimeanza zoezi la kutuliza moyo. Mwanzo lilinifaa. Sasa nahisi kitu kingine. Niendelee au niwache?"

Mazoezi yenyewe ni ya namna mbalimbali. Wako waliojipangia uradi wa maelfu kwa maelfu, bila ya kupewa na mwalimu yeyote, wakiusoma usiku wa manane. Wako waliojifunza kwa kutazama simu mazoezi ya pumzi yatokayo nchi za mbali, na mashuhuri kati ya hayo ni la Wachina liitwalo qigong. Katika namna yake moja mtu husimama wima, magoti ameyalegeza kidogo, mikono ameiinua mbele ya kifua mfano wa aliyekumbatia shina la mnazi, huku akivuta pumzi taratibu hadi chini ya kitovu na fikra yake ikiifuata pumzi hiyo mwilini. Na wako waliochanganya yote mawili: kila tamko la uradi na mvuto wake wa pumzi, taa imezimwa, nyumba nzima imelala.

Hatukukusudia leo kutoa fatwa juu ya lipi lafaa na lipi halifai. Kwetu mambo haya hayako daraja moja: uradi ni ibada, na lile jingine ni zoezi la viungo na pumzi. Lakini mwili unaoyapokea ni mmoja, na akili inayoyabeba ni moja. Swali letu la leo ni hili: mtu atajuaje kwamba zoezi lake lamtuliza, na atajuaje kwamba lamtikisa?

Tutaanza kwa kisa ambacho ndani yake sisi wenyewe tulikosa. Mwenye kisa ameturuhusu kukisimulia bila ya kumtaja jina.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia kijana mmoja kutoka Likoni. Alivuka feri baada ya Magharibi, akapanda matatu hadi kwetu Kisauni, akatusubiri barazani mwa msikiti mpaka tulipomaliza Isha. Mkewe alikuwa ndani ya arobaini ya mtoto wao wa pili, siku ya kumi na moja. Kwa kuwa mwenye nifasi haswali, bibi huyu aliona moyo wake mkavu, akaamua kujaza nafasi ile kwa uradi. Na kwa kuwa shoga yake alikuwa amemtumia mafunzo ya pumzi kwenye simu, akaviunganisha viwili hivyo. Alianza kwa robo saa. Ilipofika siku ya kumi alikuwa akikesha nao usiku kucha, mtoto mapajani.

Kijana alitweleza kwamba mkewe hajalala siku nne na hasemi kuwa amechoka. Uso wamng'ara. Azungumza kwa haraka hata maneno yampanda. Amegawa nguo zake mbili za kuvalia harusini. Uji wa pilipili manga anaoletewa na mavyaa yake hauonji. Asema kifua chake kimefunguka, na kwamba mtoto huyu ana jambo lake maalumu ambalo wakati wake wa kusemwa haujafika. Kisha kijana akatuuliza, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi: "Sheikh, hii ni baraka au ni jini?"

Enyi ndugu, sisi tulijibu swali hilo kana kwamba majibu yake yalikuwa mawili tu. Tulisema huenda ikawa ni kheri imemjia kwa wingi kuliko chombo, na huenda ikawa ni uchochezi wa shetani, na kwamba kwa vyovyote dawa ni moja: azidishe. Tukamwandikia uradi mwingine juu ya ule wa kwanza, tukamsomea na maji ya chupa moja. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, nasi tukalichukua neno hilo mahali pasipokuwa pake. Hatukumuuliza kijana amelala saa ngapi yeye mwenyewe. Hatukumuuliza nani anamshika mtoto. Hatukutamka neno hospitali.

Siku ya tatu kabla ya alfajiri, mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa akiwasha jiko lake alimwona bibi yule akipita kwa haraka kuelekea ufuoni, bila ya viatu, mtoto amemkumbatia katika kanga. Mama yule hakupiga kelele. Alimwita kwa upole, akamwambia, "Mwanangu, njoo unisaidie kukanda unga, mkono waniuma." Bibi akaja. Akakaa. Mtoto akapokewa. Asubuhi hiyo hiyo alipelekwa hospitali, akalazwa, akapewa dawa za kumlaza na za kuituliza akili, na baada ya majuma machache alirudi nyumbani kwake akiwa yeye yule wa zamani. Mtoto hakupata dhara. Alhamdulillah, wala si kwa ushauri wetu.

Tangu siku hiyo tumelazimika kusoma na kuuliza. Tumejifunza kutoka kwa matabibu kwamba katika kila wazazi 1,000, mama mmoja au wawili hupatwa na maradhi makali ya akili baada ya kujifungua, na mara nyingi huanza ndani ya majuma mawili ya kwanza. Alama zake ni hizo hizo tulizoletewa barazani na tusizitambue: kukosa usingizi bila ya kuhisi uchovu, maneno ya haraka, furaha isiyo na kiasi au hofu isiyo na sababu, na itikadi ngeni juu ya mtoto. Hilo ni jambo la dharura, sawa na kutokwa damu nyingi. Hatuwezi kusema uradi ndio uliomletea maradhi. Lakini kukesha kulichochea, na pumzi za haraka zilichochea, na sisi tulipoambiwa moto unawaka tukaongeza kuni.

Katika kuuliza kwetu tulipata jambo lililotustaajabisha. Wachina wenyewe, wenye zoezi lile la qigong, wana neno la zamani kwa mtu ambaye zoezi limemgeukia. Husema zouhuo rumo, na maana yake ni moto kupotea njia na shetani kuingia. Tazama jinsi walivyolitamka kwa mfano ule ule tunaoutumia sisi huku Pwani. Zoezi hilo lilipoenea kwa umati mkubwa nchini China katika miaka ya 1980, madaktari wa akili wa huko walianza kupokea wagonjwa waliofikia hali hiyo, wakaiingiza katika orodha yao ya maradhi. Mwaka 1994 kitabu cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili nacho kikaitaja. Wengi wafanyao zoezi hilo hawadhuriki, na wako linaowafaa kwa viungo na usingizi. Lakini wenyewe hawakuificha hatari iliyomo, na walimu wao husisitiza mwanafunzi asiingie peke yake.

Wala jambo hili si geni katika vitabu vyetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111 Miladia, ameizungumza katika Ihyaa, pale aelezapo maajabu ya moyo. Amenakili hoja ya wanavyuoni waliotahadharisha kwamba mtu ajibanaye kwa khalwa na mujahada bila ya elimu huweza kuharibika mizani ya mwili wake, akili yake ikachanganyika, na mwili wake ukaugua. Hiyo ni miaka zaidi ya 900 iliyopita. Wenzetu hao walikuwa ni watu wa dhikri, na kuipenda kwao dhikri hakukuwazuia kusema kwamba yataka kipimo.

Sababu yake si siri kubwa. Mwenye kuhema kwa kasi na kwa nguvu kwa muda mrefu huitoa hewa ya kabonidioksidi katika damu kupita kiasi. Hapo vidole hufa ganzi, midomo huwasha, kichwa huwa chepesi, na moyo hudunda. Asiyejua hudhani ni nuru inaingia, au ni mkono wa mtu asiyeonekana. Na mwenye kukosa usingizi siku tatu au nne huanza kusikia sauti na kuona vivuli, hata akiwa ni mlinzi wa godauni asiyesoma uradi wowote. Ukiyakusanya mawili haya juu ya mwili uliotoka kuzaa, au juu ya mtu mwenye msiba, au juu ya aliyewahi kuugua akili yeye au jamaa zake wa karibu, umelikaribia shimo.

Basi hizi hapa alama tunazowaomba mzipime majumbani mwenu. Hatuzipimi wakati mtu yumo ndani ya zoezi, maana wakati huo kila mtu huona raha. Twazipima baadaye, katika mambo ya kawaida ya siku.

Ya kwanza ni usingizi. Zoezi lenye kutuliza humrejeshea mtu usingizi wake. Likiwa lampunguzia usiku baada ya usiku, na hasa akisema hauhitaji tena, hiyo ni alama ya hatari hata kama anatabasamu.

Ya pili ni chakula na mwili. Atuliaye hula, huoga, huvaa. Atikisikaye huviona vitu hivi ni vizito au ni vya watu wa chini. Huanza pia kulalamika joto lipandalo kichwani, mgandamizo kwenye paji la uso, mtetemo usiokoma hata baada ya zoezi kwisha, au kitu kitembeacho ndani ya mwili asichoweza kukizuia.

Ya tatu ni faradhi na haki za watu. Mtu aliyekesha kwa sunna akalala Alfajiri ikampita, ametoa shilingi kumi kununua ya senti tano. Mama ambaye mtoto wake alia naye hamsikii kwa kuwa hesabu ya tasbihi haijatimia, apaswa kuitua tasbihi. Abdallah bin Amr bin Al-As (r.a.) alipojifungia kufunga kila siku na kuswali kila usiku, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Hadithi hii imo katika Bukhari, na tungependa kila nyumba iifahamu.

Ya nne ni ulimi na nafsi. Matunda ya utulivu ni unyenyekevu: mtu huzungumza polepole, husamehe, hucheka na watoto. Akianza kuwa na siri kubwa, akijiona ameteuliwa, akikasirika anapoulizwa, akiwaona jamaa zake wote wamepotea au wanamfanyia njama, hapo moyo haukufunguka. Umepoteza mlango wake, na kila kipitacho chaingia.

Ya tano ni uwezo wa kuacha. Mwambie apumzike siku tatu. Aliyetulia atasema, "Haya, inshallah." Aliyetikisika ataona kwamba akiacha usiku mmoja tu, jambo kubwa litaharibika. Zoezi ambalo mtu hana idhini ya kulisimamisha limekwisha kuwa bwana wake.

Hatutaki mtu aogope kila hali. Machozi katika dhikri, kusisimkwa mwili kwa Aya, uchovu mtamu baada ya kusimama usiku, hizo ni hali za kawaida, huja na kuondoka, na asubuhi mtu huwa yu kwenye kazi zake. Tofauti ni kwamba hali njema hupita na kukuacha bora. Hali ya kutikisika haipiti, kila siku hudai zaidi, na hukuacha pungufu.

Je, ukiziona alama hizi kwako au kwa mwenzio, ufanye nini?

Kwanza, simamisha zoezi. Usilibadilishe kwa jingine wala usilizidishe. Asiyeko katika nifasi abaki na swala zake tano na dhikri fupi za baada ya swala, kwa sauti ya kawaida na pumzi ya kawaida. Lala. Kula chakula chenye uzito: wali, samaki, mhogo wa nazi. Fanya kazi ya mikono iliyo karibu nawe, ufue, ufagie, uchambue mchele. Mama muuza maandazi hakusoma udaktari, lakini alipompa bibi yule unga wa kukanda alimshika mkono akamrudisha kwenye ardhi.

Pili, wenye nyumba, jifunzeni kwa Bibi Khadija (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka baada ya wahyi wa mwanzo, alitaka afunikwe, naye akafunikwa mpaka hofu ikamtoka. Hali ya Mtume haina mfano na hali ya yeyote miongoni mwetu, lakini adabu ya Bibi Khadija ni somo kwetu sote. Hakuita majirani waje kutazama. Hakumkemea. Alimtuliza, akamtajia mema yake, kisha akamchukua kwa mtu mwenye elimu, Waraka bin Naufal. Mpangilio ndio huo: mfunike, mtulize, kisha mpeleke kwa ajuaye.

Tatu, ajuaye ni nani? Ikiwa usingizi umepotea zaidi ya siku mbili tatu, au asikia sauti, au asema maneno ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto, au ni mzazi aliye ndani ya arobaini, ajuaye ni daktari, na siku yenyewe ni leo. Wakazi wa bara hii ya Mombasa wanayo Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na huduma ya maradhi ya akili. Mzazi mwenye dalili hizi asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda dukani. Twajua haya ya watu. Twajua neno la jirani huuma. Lakini aibu ya juma moja si kitu mbele ya maiti mbili, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi mashekhe tuna deni letu hapa. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, nasi hatutaacha. Lakini kisomo hakimzuii mtu kumeza dawa, na Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu. Yeyote miongoni mwetu akimwambia mgonjwa aache dawa ya daktari kwa kuwa kombe limetosha, amebeba mzigo ambao hataweza kuutua Siku ya Kiyama. Tumeanza kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua Msahafu: amelala lini, amekula nini, na amezaa lini. Twawasihi wenzetu nao wafanye hivyo.

Mwisho, kwa wale wanaoona kwamba kupunguza ni kurudi nyuma. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Bibi Zainab, akichoka katika swala hujishika nayo. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Kamba ile ilifungwa kwa mapenzi ya ibada, na pamoja na hayo ikafunguliwa. Nao wazee wetu walifahamu. Tazameni Ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi Al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1132 Hijria, ambayo misikiti na majumba mengi ya Pwani huisoma mpaka leo. Maneno yake mengi husomwa mara tatu tatu, kwa jamaa, kwa sauti moja, na yakiisha watu huamkiana na kwenda kula. Alimu mkubwa kama yeye hakushindwa kuandika maelfu. Alijua watakaoisoma ni mabaharia, wakulima na mama wenye watoto.

Bibi yule wa Likoni tulimtembelea baada ya kupona, tukamtaka radhi mbele ya mumewe na mavyaa yake. Alituambia, "Sheikh, mimi nilikuwa nikizama, na kila aliyenijia alinisifu kwa jinsi ninavyoogelea." Tumelibeba neno hilo mpaka leo. Sasa ana watoto watatu. Husoma uradi wake mfupi baada ya Alfajiri, ndani ya muda wa chai kuchemka, na chai ikichemka huifunika tasbihi na kuwaamsha watoto waende chuoni.

Tunamwomba Mola atujaalie nyoyo zenye kutulia kwa kumkumbuka Yeye, atulindie akili zetu, na awahifadhi mama walio katika arobaini zao. Amin.

Wabillahi taufiq.